Kitenzi kimoja juu ya mlango wa Autun

Chini ya miguu ya Kristo, katika Hukumu ya Mwisho iliyochongwa yapata mwaka 1130 juu ya mlango wa kanisa la Saint-Lazare, Autun, Ufaransa, pana maneno matatu ya Kilatini: Gislebertus hoc fecit. Kwa muda mrefu yalisomwa kuwa sahihi ya mchongaji. Mwaka 1999 Linda Seidel alipinga, akiliona jina hilo kuwa la mtukufu wa kale. Kitenzi facere chabeba yote mawili, kutenda na kutendesha. Kiswahili chadai uamuzi: alichonga, au alichongesha? Ile mikono mikubwa inayomnyakua mlaaniwa kichwani yathibitisha ustadi wa fundi, si jina lake. Afadhali mfasiri aandike “hii ni kazi ya Gislebertus”, kwani a-unganifu haielemei upande wowote.