Laini Zilizofungwa Vizuri Utazijua Hivi

Ukiingia chumba cha seva cha mgodi, au cha ofisi yoyote kubwa pale Kahama, usidanganywe na taa za kijani. Taa huwaka hata kwenye kazi mbovu. Kufunga laini mbili au zaidi kati ya swichi na swichi, zikahesabika kama laini moja, ni kazi ya ufundi, na ina mabingwa na wababaishaji wake.

Kwanza msikilize fundi anavyoieleza. Wakulima wa Shinyanga huwafunga maksai wawili nira moja, wakavuta jembe moja kwa nguvu za wote. Wengi hudhani laini mbili za gigabiti 1 ni hivyo hivyo, kwamba faili moja litapita kwa gigabiti 2. Sivyo. Fikiria malori ya pamba yanayofika kwenye kiwanda chenye mizani mbili: kila lori hupimwa kwenye mizani moja tu, ila foleni hugawanyika. Swichi nayo huyapitisha mawasiliano ya watu wawili kwenye laini ile ile, ili vipande vya data visipitane njiani. Fundi akikuahidi gigabiti 2 kwa faili moja, tafuta mwingine.

Mgawanyo wenyewe ndipo mkono wa bingwa unapoonekana. Swichi huchagua laini kwa kupiga hesabu juu ya anwani. Ikihesabu kwa anwani za MAC peke yake, na laini zako ziko kati ya ruta mbili, anwani hizo hazibadiliki kamwe, kwa hiyo mzigo wote hurundikana upande mmoja. Bingwa ataingiza anwani za IP na namba za poti za programu. Mwombe akuonyeshe idadi ya baiti kwa kila laini, saa za kazi. Pia napenda kuona laini 2, 4 au 8. Swichi nyingi za zamani hugawa mzigo katika mafungu 8, na laini 3 huishia kupata mafungu 3, 3 na 2.

Halafu uliza kuhusu LACP. Itifaki hii ilitoka katika kiwango cha IEEE 802.3ad mwaka 2000, mwaka ule ule mgodi wa Geita ulipoanza kuzalisha dhahabu. Kazi yake ni salamu: swichi hujuliana hali, na laini isiyojibu hutolewa. Niliwahi kukesha katika ofisi moja karibu na machimbo kwa kukosa salamu hizo. Greda lilikata faiba, lakini swichi yetu ilikuwa inaona kifaa cha kugeuza faiba kuwa kebo ya shaba, kilichokuwa mezani palepale, na taa ikabaki kijani. Ikaendelea kumwaga data kwenye waya uliokufa. Nusu ya simu zinapiga, nusu kimya, na hakuna aliyejua pa kuanzia.

Hata salamu zina kiwango. Za polepole hutumwa kila sekunde 30, na laini huhesabika imekufa baada ya sekunde 90. Za haraka hutumwa kila sekunde 1, na hukumu hutoka baada ya sekunde 3. Penye watu chini ya ardhi, kama mgodi wa Bulyanhulu, mimi sikubali sekunde 90.

Mwisho, zifuate kebo kwa mkono wako. Laini mbili zinazoishia kwenye swichi moja, au zilizolala mtaro mmoja, zitakufa pamoja. Tazama lebo ncha zote mbili. Tazama kama poti za faiba zisizotumika zimefunikwa, maana vumbi jekundu la Geita halisamehe.

Kisha piga simu kupitia mtandao huo, na simu ikiendelea mwambie fundi achomoe laini moja. Halafu aichomeke, achomoe ya pili. Simu ikikatika, usisaini kupokea kazi.