Nyumba ya Shamba katika «Kentucky Route Zero»

Mchezo huu wa kompyuta, uliotolewa Marekani kwa sehemu tano toka 2013 hata 2020, watupeleka usiku kwenye shamba la Márquez. Conway, dereva mzee wa kamio, atafuta njia ya kufikisha mzigo wake wa mwisho. Weaver ampokea nyumbani, kisha atoweka. Shannon, binamu yake, atengeneza televizio kuukuu, na njia yafunguka. Je, ni uchawi mtupu? Sivyo. Baadaye Conway atibiwa mguu, na deni lamfunga katika kiwanda cha pombe. Mchezaji amchagulia maneno, lakini hawezi kumwokoa. Wengine watalaumu neno hilo, sisi twalisifu. Nyumba ile haitutishi kwa mizimu. Yatuuliza: nani aliwaondoa wenyeji?