Takhmisa na Haki ya Mwenye Shairi

Katika ushairi wa Kiswahili, takhmisa ni utungo uliojengwa juu ya mali ya mwingine. Jina lake latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tano: mtunzi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe, akaitangulizia mitatu yake, ubeti ukatimia. Ndivyo Sayyid Abdallah bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alivyoyatendea maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo.

Uzuri wa kazi hiyo ni uaminifu wake. Maneno ya Liyongo hayakufichwa. Yamewekwa mwisho wa kila ubeti, na utungo wenyewe wajulikana kwa jina lake, Takhmisa ya Liyongo. Msomaji auona mpaka baina ya watunzi wawili. Mwizi wa mashairi huufuta mpaka huo.

Hata hivyo, wakosea wadhanio kwamba kumtaja mwenye shairi kwatosha siku zote. Liyongo alikuwa marehemu wa kale. Mtunzi wa leo yu chini ya ulinzi mwingine: Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 iliweka muda wa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Basi atakaye kulitungia takhmisa shairi la mtunzi kama huyo, na kulichapisha, hana budi kuomba idhini yake au ya warithi wake, kisha amtaje. Muda huo ukipita, idhini haidaiwi tena; adabu ya kutaja haina mwisho.