Nani Aliufungua Mlango Mwekundu?

Sanaa ya nchi za kibepari ina desturi ya kutuambia kwamba binadamu, akishaondolewa polisi na duka, hugeuka mnyama. Filamu ya Kimarekani It Comes at Night, iliyoongozwa na Trey Edward Shults na kutolewa mwaka 2017, imo katika desturi hiyo. Lakini ni kazi bora kuliko nyingi za jamii yake, na makada wa Shinyanga na Geita wanayo sababu ya pekee ya kuijadili.

Maradhi yasiyo na jina yameangamiza watu. Paul, mkewe Sarah na kijana wao Travis wamejifungia katika nyumba msituni yenye mlango mmoja tu wa kutokea, mwekundu, na funguo zake ziko kwa wazazi. Mwanzoni tunamwona babu, baba yake Sarah, akiwa ameambukizwa: anasukumwa kwa toroli, anapigwa risasi, anachomwa moto. Kisha anakuja Will, mtu wa pili mwenye mke na mtoto mdogo, anayetafuta maji na aliye na mbuzi na kuku. Familia mbili zinaungana, zinagawana kazi na chakula, zinakula meza moja. Usiku mmoja mlango unakutwa wazi. Hakuna ajuaye aliyeufungua. Paul na Sarah wanaiua familia ya Will, pamoja na mtoto. Travis naye anakufa kwa maradhi, na wazazi wanabaki mezani wakitazamana kimya.

Jina la filamu linaahidi kitu kitakachokuja usiku, na hakiji kitu. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kazi hii. Udhaifu wake ni kwamba hofu imekatwa mizizi: ugonjwa hauna chanzo, msitu hauna kijiji, watu hawana historia. Mtazamaji anaachiwa hitimisho moja tu, kwamba kutoaminiana ni maumbile ya binadamu.

Sisi tunajua kwamba hofu ina msingi. Chukua mauaji ya vikongwe katika Usukuma. Mtoto amekufa, ng'ombe amekufa. Anatafutwa mwanamke mzee mwenye macho mekundu, na ramli inamtaja. Macho hayo yalitoka wapi? Kuanzia miaka ya 1920 mapori ya Shinyanga yalifyekwa kwa ajili ya kupambana na mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba na malisho. Kuni zikawa adimu, akina mama wakapikia kinyesi cha ng'ombe na mabua, na moshi wa jikoni ukafanya kazi yake kwa miaka hamsini. Alama ya uchawi ilikuwa alama ya kazi! Tena mara nyingi marehemu aliacha shamba ambalo jamaa walilitamani. (Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 kwa kurudisha miti, huhesabiwa kuwa suala la misitu tu. Nadhani ulikuwa zaidi ya hapo.)

Vivyo hivyo kuhusu mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoenea Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007. Mchimbaji mdogo anashuka shimoni bila kipimo cha mwamba, anadaiwa na mwenye shimo, hajui mkanda wa dhahabu uko wapi. Mganga anamuuzia uhakika. Wapo waliosema hiyo ni mila ya kale. Lakini biashara hii ilishamiri wakati bei ya dhahabu ilipokuwa ikipanda.

Dola nayo haina kinga dhidi ya ugonjwa wa Paul. Mwaka 1976 vyombo vyetu vilikwenda Mwanza na Shinyanga kukomesha mauaji hayo, na watuhumiwa wakateswa. Wengine walifia mikononi mwa walinzi wao. Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu Januari 1977. Tukio hili husomeshwa kama mfano wa uwajibikaji, na ni sawa. Lakini lisomeshwe pia kama mfano wa jinsi mtu anayepiga vita hofu anavyoweza kuibeba.

Yuko atakayejibu kwamba dawa ni umoja, na kwamba Paul angekuwa na kijiji asingeua. Jibu hilo ni jepesi mno. Sungusungu walipoibuka Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa umoja wa wananchi wenyewe dhidi ya wezi wa ng'ombe, wakafanikiwa pale polisi waliposhindwa, na Chama kiliwaunga mkono. Hao hao waliwafukuza vikongwe vijijini, na wengine waliuawa. Kijiji kizima kinaweza kusimama nyuma ya mlango mwekundu.

Kwa hiyo swali si la mtu mmoja au wengi, bali la namna ya kuuliza. Katika filamu, Paul alikuwa mwalimu wa historia. Anaijua Dola ya Kirumi. Lakini Will anapotaja ndugu yake, kisha akasema yeye ni mtoto pekee, na kueleza baadaye kwamba alimaanisha shemeji, mwalimu huyu hatafuti ukweli, anahesabu hatari. Mlango unapokutwa wazi, anauliza ni nani.

Mkufunzi atakayeitumia filamu hii asiionyeshe kwa mkupuo mmoja. Aisimamishe hapo, awashe taa, na awaambie wanafunzi waandike maswali matano ambayo Paul angeweza kuuliza na ambayo hayaanzi na "nani".