Darsa na Mhadhara: Elimu ya Hadhara katika Mji wa Unguja

Kiswahili cha Unguja kina maneno mawili kwa kazi ya kuwafundisha watu wote bila ya malipo: darsa na mhadhara. Yote mawili asili yake ni Kiarabu, lakini hayakupita njia moja. Darsa ni la msikitini na barazani, nalo hurudi kwa saa ijulikanayo mpaka kitabu kiishe. Mhadhara, kwa matumizi ya siku hizi, ni wa chuo kikuu; aghalabu huja siku moja ukapita. Vyuo vikuu husifiwa, na kwa haki, vinapoufungua mlango ili kila mtu asikilize matokeo ya uchunguzi wao. Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja, na elimu kuwa wazi ni jambo jingine.

Ada ya darsa ni kongwe katika Mji Mkongwe. Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija, na Sheikh Abdallah Bakathir, aliyetoka Lamu na kufundisha Ukutani, walifariki wote katika mwaka wa 1925. Habari zao na za wenzao zilihifadhiwa na Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982) katika kitabu chake cha 1972 juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Mtindo wa darsa ulijulikana: kitabu husomwa kwa Kiarabu, fungu baada ya fungu, na kila fungu hufasiriwa papo hapo kwa Kiswahili. Aliyekuja na kitabu alipata, na aliyekuja na masikio matupu alipata pia. Sheikh Farsy mwenyewe alikuwa mwalimu wa namna hiyo, na katika Qurani Takatifu yake ya 1969 msomaji husikia sauti ya mtu anayemweleza msikilizaji aliyekaa mbele yake.

Mhadhara wa chuo kikuu bado haujaifikia sauti hiyo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza masomo 2001, kina majengo Vuga, mjini, na Tunguu, shamba. Uchunguzi mwingi wa vyuo vikuu vya nchi huandikwa kwa Kiingereza, na unapoletwa kwa watu huja ama kwa lugha hiyo ama kwa Kiswahili kilichofuata nyayo zake. Tuseme mtaalamu anazungumzia mwani, ambao kilimo chake cha biashara kilianza 1989 huko Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Akisema kwamba “ongezeko la halijoto ya uso wa bahari linaathiri uzalishaji,” amesema kweli, lakini amewaacha pwani. Akisema kwamba bahari imepata moto, na mwani ule mnene hauwezi tena kustahimili maji machache, amesema kweli ile ile, na mkulima anaweza kumjibu.

Hilo la kujibu ndilo kubwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja mjini iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaundwa 1930. Tangu hapo wataalamu wamekuja na madaftari yao, mjini na hata kusini, Makunduchi, wakayachukua maneno ya wazee. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji huyu bado anangoja dawa. Mchunguzi anayewarudishia watu wa Makunduchi maelezo ya Kikae chao hawafanyii hisani: anaipima kazi yake, kwani kosa la maana au la matamshi hutambuliwa kwanza na mwenye lugha. Orodha ya msamiati wa Kikae ya Haji Chum, iliyochapishwa 1994, inaonyesha faida ya kazi kufanywa na mwenyeji.

Wako wanaotoa udhuru kwamba istilahi za Kiswahili hazitoshi. Udhuru huo ni dhaifu. Mwalimu wa darsa hakuziondoa istilahi za Kiarabu; alizitaja kama zilivyo, akazieleza moja moja, na nyingine zikaingia katika lugha ya kila siku. Istilahi ngeni haimzuii msikilizaji. Kinachomzuia ni istilahi isiyofasiriwa.

Hata hivyo darsa lisiigwe kwa kila hali. Heshima ya mwanafunzi kwa sheikh wake mara nyingi ilimzuia asimpinge, na hapo mhadhara una ubora wake, kwani huwapa wasikilizaji nafasi ya kuuliza na kukanusha. Lakini nafasi hiyo ni bure kwa mtu asiyefahamu kilichosemwa. Inapasa basi mhadhara uchukue kwa darsa mambo matatu: saa ijulikanayo, ufasiri wa fungu kwa fungu, na Kiswahili cha wasikilizaji wenyewe. Pasipo hayo utakuwa bure kwa maana mbili: hautalipiwa, wala hautafaa.