Jina Lililo Kwenye Mabano

Siku hizi ukitafuta wimbo kwenye simu utaukuta zaidi ya mara moja. Kuna wenyewe, kuna ulioharakishwa mpaka sauti ya mwimbaji ikawa ya kitoto, kuna uliopunguzwa mwendo mpaka maneno yanaburuzika. Matoleo hayo yaliyobadilishwa yote yameitwa rimiksi. Aliyefanya kazi hiyo hatajwi, na pengine hakuna wa kutajwa; kitufe kimebonyezwa, basi.

Zamani jina lilikuwepo. Lilikaa kwenye mabano, baada ya jina la wimbo, na wapenzi wa muziki walinunua santuri na CD kwa kufuata mabano hayo. Mimi ni mmoja wa waliofundishwa nayo kusikiliza, na mabano niliyoyapenda kuliko yote yalikuwa na jina la Todd Terry.

Mwaka 1994 Tracey Thorn na Ben Watt, Waingereza wawili wa kundi la Everything But The Girl lililoanzia mji wa Hull, walitoa wimbo uitwao Missing. Ulikuwa wa taratibu, gitaa likiongoza, wa mtu anayepita mtaa alioishi mwenzake na kukuta keshahama. Haukufika mbali. Kisha ukapelekwa kwa Terry, prodyuza wa New York aliyejulikana kwa midundo mizito ya hausi. Mtu wa aina hiyo ungetarajia aikatekate sauti, abakize neno moja, alirudie mpaka alfajiri.

Hakufanya hivyo. Aliiacha sauti ya Thorn isimulie habari yake, kwa utulivu ule ule. Alichobadilisha ni mazingira inamoishi: ngoma kavu isiyopumzika, besi inayotembea chini kwa chini, vinanda vichache. Sikiliza kwa makini utaona ujanja ulipo. Katika wimbo wa kwanza gitaa linahuzunika pamoja na mwimbaji, linamsubiri, linampa bega. Katika kazi ya Terry ngoma haimsubiri mtu. Mwanamke amesimama mlangoni pa nyumba isiyo na mwenyewe, na wakati unampita. Upweke umeongezeka, na bado watu wanaucheza! Nani angefikiri kwamba majonzi yale yalihitaji mwendo zaidi, si machozi zaidi? Ilibidi mtu akae, ausikilize wimbo wa watu wengine, auelewe kuliko hata walioupeleka sokoni. Toleo hilo lilifika nafasi ya 3 Uingereza na ya 2 Marekani.

Kazi hii ina wazee wake. Kule Kingston, Jamaika, miaka ya 1970, Osbourne Ruddock, ambaye dunia inamjua kwa jina la King Tubby, alikuwa fundi wa vyombo vya umeme kabla hajawa bingwa wa kuondoa: alizima sauti ya mwimbaji, akaacha besi na ngoma viongee, kisha akairudisha sauti kidogo tu, kama mwangwi. New York, Tom Moulton alianza kwa kuunganisha vipande vya kanda kwa mkono ili wachezaji wasikatizwe. Mwaka 1975 upande mzima wa santuri ya Gloria Gaynor ukawa nyimbo tatu zilizoshikana.

Na sisi Waafrika tunalo la kukumbuka. Yeke Yeke ya Mory Kanté wa Guinea, ya mwaka 1987, ilichezwa hata na wasiojua neno la Kimandinka. Katikati ya miaka ya 1990 Wajerumani wawili wa Hardfloor waliichukua na mashine zao zenye sauti ya kukwaruza. Wangeweza kuifanya pambo la kigeni juu ya mdundo wao. Badala yake mwito wa Kanté ndio unaoamrisha, mashine zinaitikia. Fundi cherehani mzuri hupunguza koti la marehemu baba likamtosha mtoto, na bado shangazi akalitambua kwa mbali.

Siilaumu teknolojia. King Tubby naye alikuwa mtu wa mitambo, tena aliyeitengeneza mwenyewe. Ila zamani prodyuza alipokea sauti ya mwimbaji kwenye kanda yake, ngoma kwenye kanda yake, kwa idhini ya wenye wimbo, na alijua wenyewe wataisikia kazi yake na kumuuliza. Leo programu inatenganisha sauti na ala kabla chai haijapoa. Uvivu umepata chombo. Wapo vijana, huku kwetu na kwingine, wanaokesha juu ya ubeti mmoja wakitafuta kinanda kitakachoukaa, lakini kazi zao zinamezwa na mafuriko ya nyimbo zilizokimbizwa tu, na msikilizaji hana namna ya kuzitofautisha maana zote zimevaa jina moja.

Ninyi watangazaji wa redio na ma-DJ mna uwezo wa kulirekebisha hili jioni hii hii. Mkiupiga wimbo uliofumuliwa ukafumwa upya, tajeni majina yote mawili: la aliyeuimba na la aliyeufuma. Na kama hamwoni jina la kutaja, upigeni wimbo wenyewe.