Gherkin na Upatanisho wa Kisarufi: Uhakiki wa Lugha ya Kupimia Programu

Wataalamu wa kompyuta wamejiundia lugha ndogo ndogo, kila moja kwa kazi yake maalumu. Makala haya yanakusudia kuihakiki mojawapo, Gherkin, ambayo hutumika pamoja na chombo kiitwacho Cucumber, kilichoanzishwa na Aslak Hellesøy mwaka 2008. Dai la watetezi wake ni kubwa: kwamba karani wa maktaba, asiyejua kuandika programu, aweza kuyasoma majaribio ya programu katika lugha yake mwenyewe na kuamua kama ni sahihi. Dai hilo ni la lugha, na kwa hivyo yafaa wanalugha walipime.

Jaribio la Gherkin huandikwa kwa sentensi zinazotanguliwa na maneno maalumu: la kwanza hutaja hali iliyopo, la pili tendo, la tatu tokeo linalotarajiwa. Mwandishi wa programu huiunganisha kila sentensi na amri zake kwa kielezo cha maneno. Sentensi ikiachiwa nafasi tupu, na chini yake pakawekwa jedwali la mifano, kila mstari wa jedwali huzaa jaribio zima. Mistari 50 huzaa majaribio 50, na hapo ndipo ilipo faida yake.

Maneno hayo maalumu yamefasiriwa katika lugha zaidi ya 70, hata Kiklingoni, lugha ya kubuniwa ya filamu. Lakini kilichofasiriwa ni msamiati tu; sarufi imebaki ile ile.

Tatizo la kwanza ni la kitenzi. Kiingereza hutenga hali, wakati na tokeo kwa maneno huru. Kiswahili huyabeba mengi ya hayo ndani ya kitenzi: akiazima, alipoazima, akaazima. Kumlazimisha mwandishi aanze kila mara na "ikiwa", "wakati" na "basi" ni kumpa Kiingereza kilichovishwa kanzu. Aidha, "ikiwa" hutia shaka pale ambapo jaribio halina shaka yoyote. Hata hivyo tatizo hili lina dawa. Cucumber haizingatii neno la mwanzo inapotafuta amri, na alama ya nyota yaweza kushika nafasi ya neno lo lote kati ya hayo. Viambishi vyetu basi vyaweza kufanya kazi yao.

Tatizo la pili ni zito zaidi, nalo ni la ngeli. Tuchukue sentensi yenye nafasi tupu: "___ kimeazimwa". Tukiweka "kitabu", sentensi ni sahihi. Tukiweka "jarida" au "ramani", imeharibika, maana yatupasa kusema limeazimwa na imeazimwa. Katika Kiingereza nomino hizo tatu hubadilishana bila kukigusa kitenzi. Mwandishi wa programu aweza kuorodhesha maumbo yote, kitabu na vitabu, kimeazimwa na vimeazimwa, lakini kielezo chake kitapokea pia "kitabu 2 vimeazimwa" bila kulalamika. Karani atakayesoma sentensi kama hiyo ataacha kuiamini, na dai lote litaporomoka.

Rai yangu ni kwamba suluhisho limo katika Kiswahili chenyewe. Tuseme: "Msomaji ameazima ___." Hapa kitenzi chapatana na msomaji, na shamirisho lililotajwa wazi halidai kiambishi. Kitabu, jarida na ramani zote zakubalika, na jedwali lafanya kazi yake. Gharama ipo: kauli ya kutendwa yaachwa, na kila jambo lazima lipewe mtendaji, hata pale tunapotaka kuzungumzia kitabu tu. Gharama hiyo yavumilika, mradi tuilipe tukiijua.

Kwa ufupi, Gherkin ni chombo chema kilichokatwa kwa kipimo cha mwili mwingine. Atakayekishona upya hawezi kuwa mwandishi wa programu peke yake. Ni lazima aketi na mtu ajuaye ngeli, kabla jaribio la kwanza halijaandikwa.